Kipa ndiye aliyeonekana, lakini hao viungo alinunua nani?

MwanaMvita
Salaam wadau. Huu mjadala wa makipa wa Man U nimeusikia mpaka masikio yamechoka, kila maskani kuanzia Majengo mpaka Bamburi ukikaa tu na kikombe cha kahawa ni Onana, De Gea, Bayindir, na sijasikia hata mmoja akiuliza huyo kipa akishaushika mpira alikuwa ampe nani. Mimi nasema hivi na mnipige mawe: nusu ya makosa ya makipa wetu yalianza dukani, siku kocha aliponunua kiungo asiyejua kupokea mpira akiwa amegeukia goli lake.

Mfano. Brentford ugenini, tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 2022, tulilala 4-0 na zote ziliingia kabla ya dakika ya 36. La kwanza sina utetezi, shuti la Dasilva lile De Gea alilishika likamtoka mikononi likaingia, hilo ni lake. Lakini tizameni la pili. De Gea yuko na mpira, Brentford wamewabana watu wetu mmoja mmoja, anampa pasi Eriksen ambaye amesimama hapo hapo ukingoni mwa boksi na mgongo ameupa uwanja wote. Jensen alikuwa amemuotea tangu zamani. Mpira unafika, Eriksen hajamaliza kuutuliza, Jensen kashaunyakua, goli. Siku ya pili watu wote ni De Gea hajui kucheza na miguu. Sawa, hajui. Lakini Eriksen tangu lini akawa namba sita, kiungo mkabaji wa mbele ya mabeki? Kocha Ten Hag kiangazi chote alikuwa anamfukuza kiungo Frenkie de Jong, akamkosa, akamsimamisha fundi wa pasi za mbele mahali pa mtu wa kazi ngumu. Na wiki haikuisha mkabaji Casemiro akatangazwa, pauni milioni 60 na nyongeza juu. Kwa hiyo walijua! Walijua pale pana shimo na bado wakampeleka kipa vitani.

LivaLikoni
Hahahaa haya leo Man U wamepata mchawi mpya. Wenzenu sisi Liverpool tulishapita huko, fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018 Kyiv, kipa wetu Karius anaurusha mpira kwa mkono Benzema ananyoosha mguu tu, halafu lile shuti la Bale kutoka mbali likapita mikononi kama hakuna mtu. 3-1 na Madrid. Unataka kuniambia hilo nalo ni la kiungo? Wakati mwingine kipa ni kipa tu babu.

MwanaMvita
Karius aligongwa na kiwiko cha Ramos kabla ya goli la kwanza, madaktari wa Marekani walimpima baadaye wakasema alikuwa na mtikisiko wa ubongo, kwa hiyo hata huo mfano wako umechagua vibaya. Halafu nikuulize kiangazi hicho hicho kocha wenu Klopp alinunua nani. Kipa Alisson peke yake?

LivaLikoni
Alisson karibu pauni milioni 67, Fabinho, Keita. Najua unapokwenda lakini sikufuati.

MwanaMvita
Hutaki kufuata kwa sababu wajua njia yaelekea wapi. Alikuja Alisson, na mbele yake kukaja Fabinho, kiungo mkabaji. Sisi kila siku twanunua kipa bila mtu wa mbele yake ama mtu wa mbele bila kipa.

kipa_mstaafu
Hapa niingie kidogo maana hii kazi nimeifanya miaka, mchangani na kwenye nyasi, na magoti yangu ndiyo shahidi. MwanaMvita wachanganya mambo mawili. Kuna kosa la miguu na kuna kosa la mikono. La miguu nakubaliana nawe kwa kiasi, kwa sababu pasi ina watu wawili, anayetoa na anayepokea. La mikono halina mwenzake, ni wewe na Mungu wako.

Sasa Onana. Bayern, mwezi wa 9 mwaka 2023, Sané anapiga shuti la chini, la kawaida kabisa, kipa wa darasa la sita angelilalia, likapita chini ya mkono wake. Tukafungwa 4-3. Galatasaray kule Istanbul, tunaongoza 2-0, tunaongoza 3-1, Ziyech kafunga frikiki mbili na mechi ikaisha 3-3. Ile ya pili itizameni tena polepole. Mpira unatoka pembeni, unazunguka kuingia golini, watu wanaruka mbele yake na hakuna anayeugusa. Kipa akiona vile hufanya jambo moja kati ya mawili: atoke aupige ngumi mapema, ama abaki kwenye mstari asubiri mpira umfikie mpaka mwisho. Onana alibaki, vizuri, lakini mikono ikaenda kabla ya mpira, uzito wa mwili tayari uko upande mwingine, akautia mwenyewe ndani. Hapo hakuna kiungo, hakuna kocha. Na Lyon 2025 nako, dakika za nyongeza shuti likamtoka Cherki akamalizia, 2-2. Baada ya Matic, kiungo wa Lyon aliyewahi kuchezea Man U, kumwita kabla ya mechi mmoja wa makipa wabovu kabisa katika historia ya Man U! Yaani mtu amekutukana hadharani nawe wamthibitishia.

Gunner_Kibokoni
Matic naye si alinunuliwa na hao hao Man U 😂 pauni milioni 40, Mourinho, 2017. Kumbe kiungo na kipa wanaumbuana wenyewe kwa wenyewe.

ShangaziKisauni
Wanangu mimi natizama huu mpira tangu enzi za Keane, na Keane alinunuliwa 1993 kwa pauni milioni 3.75, wakati huo ikawa rekodi ya Uingereza watu wakasema Ferguson ameingiwa na wazimu. Kwa hiyo mkinitajia viungo nipeni nafasi nami nitoe donge langu.

Hata Ferguson alinunua takataka, tusimfanye malaika. Veron 2001 pauni milioni 28, mchezaji wa mpira haswa, kila mtu alimpenda, na hakuingia kwenye timu hata kidogo. 2003 akaleta Kleberson na Djemba-Djemba, mmoja alikuwa bingwa wa dunia na huku hakuonekana. Lakini sikizeni, 2005 akamleta Van der Sar kutoka Fulham kwa bei ya kutupa, na mwaka uliofuata akamleta Carrick kwa milioni 18 na kitu. Watu wakalalamika, ati huyu Carrick hapigi tekel, hakimbii, bei kubwa ya nini. Ligi 2007, 2008, 2009. Van der Sar alikuwa hababaiki na mpira mguuni kwa sababu akiinua kichwa Carrick yuko, pembeni kidogo, ameshatizama nyuma ya bega lake mara mbili. Hilo ndilo jambo ambalo vijana hamlioni kwenye vile vidio vya dakika mbili mbili.

Na 2011 Scholes akastaafu, Van der Sar akastaafu, na Ferguson hakununua kiungo hata mmoja! Akaja De Gea kijana wa miaka 20, mechi ya kwanza ya ligi na West Brom shuti la Shane Long likampita chini chini, magazeti yakamla nyama. Mwezi wa kwanza 2012 wakamtoa Scholes kwenye kustaafu wakamvisha viatu tena. Kiangazi cha 2012 kiungo Pogba akaondoka bure. Mnaona hesabu hizo?

MwanaMvita
Shangazi ubarikiwe, hii ndiyo nilikuwa naitafuta.

LivaLikoni
Shangazi heshima yako naiweka pale pale, ila hapo umemaliza kumsifu Carrick tu, hujathibitisha kwamba Long angekosa kama Carrick angekuwa karibu. Carrick 2011 si alikuwepo?

ShangaziKisauni
Alikuwepo ndiyo, na siku ile hakuanza, waliwekwa Anderson na Cleverley. Usinifunze mimi Man U kijana wa Likoni.

LivaLikoni
Nimenyamaza shangazi 🙏

bekitatu
Mmeruka Moyes, kocha aliyemfuata Ferguson. Kiangazi cha 2013 kilikuwa kichekesho, kila siku Fabregas anakuja, Thiago anakuja, mara ikafika usiku wa mwisho wa dirisha wakarudi na Fellaini milioni 27.5. Wangemchukua mwezi wa 7 kwa bei nafuu kupitia kifungu cha bei ya kuuzwa kwenye mkataba wake, wakasubiri kikaisha. Halafu Van Gaal 2015 akaleta Schweinsteiger na Schneiderlin siku moja, tukashangilia wote, mmoja magoti yamekwisha na mwingine alicheza mpira wa kuogopa. Mourinho akaja na Pogba milioni 89 yule yule aliyeondoka bure, na Fred milioni 50 hivi. Solskjaer Van de Beek milioni 35 wa kukaa benchi, ingawa huyo huyo alimleta Bruno na Bruno ndiye amebeba hii timu mgongoni. Ten Hag Casemiro, Mount milioni 55, Amrabat wa mkopo, Ugarte. Sasa nambieni kwenye orodha yote hiyo ni nani anaweza kupokea mpira kwa kipa akiwa na mtu mgongoni, akageuka, akapiga pasi mbele. Mimi naona nusu mtu, Matic wa mwaka wa kwanza, na huyo Herrera wa Van Gaal siku akiamka vizuri.

Gunner_Kibokoni
Herrera alikuwa mkwaruzaji tu bwana, mwenye kelele. Hii kazi mnayoieleza ni kama kumvusha mtu feri ya Likoni saa 12 jioni na trei ya mayai kichwani, si kila mtu anaiweza, na wanaoiweza bei yao ndiyo hiyo, sisi Arsenal kiungo Rice tulimtoa milioni 105 na hatujuti hata shilingi.

Na niwaambie kitu kuhusu kipa wetu Raya. Alipokuja 2023 watu walimtaka Ramsdale, kipa aliyekuwepo, kila pasi ya Raya uwanja mzima unashika pumzi, kule Luton mwezi wa 12 alifungwa magoli ya aibu tukashukuru Rice kafunga dakika ya mwisho, 4-3. Kocha Arteta hakumtoa. Na yule Raya wa Luton na yule aliyechukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya kipa mwenye mechi nyingi bila kufungwa, mwisho wa msimu ni mtu mmoja. Kilichobadilika ni kwamba wenzake walijizoesha kumkaribia.

bekitatu
Arsenal leo mnajifanya maprofesa, fainali ya Carling 2011 mmesahau? Szczesny na Koscielny wanaachiana mpira, kila mmoja amngoja mwenzake, Obafemi Martins anausukuma ndani dakika ya 89. Birmingham City bingwa, na msimu huo huo wakashuka daraja! 😂😂

Gunner_Kibokoni
Hiyo fainali usiitaje mchana huu nimefunga.

kipa_mstaafu
Lile la Szczesny ni la sauti. Kipa asiyepiga kelele hana faida hata akiwa na mikono ya chuma. Sisi pale uwanjani upepo wa bahari unavuma, husikiki, ndiyo maana tulijifunza kupiga yowe toka tumboni: "Wangu!" Neno moja, na beki anainama. Ukisema mawili umechelewa.

Na kwa vile tuko Mombasa, nashangaa uzi wote huu hakuna aliyemtaja Mahmoud Abbas. Kenya One. Mtoto wa hapa hapa, AFC Leopards, Harambee Stars ikachukua CECAFA mara tatu mfululizo 1981, 82 na 83. Enzi zake beki akibanwa anamrudishia kipa, kipa anaudaka kwa mikono, mambo yamekwisha. Sheria ya kuzuia hiyo ilikuja 1992. Tangu siku ile kipa akawa mchezaji wa 11 kwelikweli, na 2019 wakaongeza nyingine, gol kiki ikaruhusiwa kuchezwa ndani ya boksi, sasa unaona kipa anaanza na mabeki wawili ubavuni na mastraika wa wapinzani wamesimama mita chache. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini makosa ya miguu yameongezeka, jibu langu la kwanza ni sheria, la pili ni Pep Guardiola wa Man City. 2016 alimtoa kipa Joe Hart, akamleta Bravo, Bravo akababaika msimu mzima, na Pep badala ya kurudi nyuma akamnunua Ederson. Kila kocha akataka wake. Tatizo wengi walinunua Ederson wao wakasahau kununua Fernandinho wao, yule mkabaji wa mbele yake.

MwanaMvita
Eee Mungu, mzee wangu umeusema uzi wangu wote kwa sentensi moja.

kipa_mstaafu
Sijakubali la Onana. Mikono ni mikono.

MwanaMvita
Mikono nakuachia. Lakini Galatasaray pale Old Trafford, mwezi wa 10 mwaka 2023, ile siyo mikono. 2-2, Onana anatoa pasi mbovu inamkuta Mertens, Casemiro ana kadi ya njano tayari, anarudi mbio anamkata ndani ya boksi. Penalti, kadi nyekundu. Icardi anakosa penalti! Tukashukuru. Dakika chache tu Icardi huyo huyo anaingia katikati peke yake anauinua juu ya kipa, 3-2. Pasi ni ya Onana, sawa. Lakini timu ambayo kiungo mkabaji wake wa pekee ana miaka 31 na ndiye ategemewa kufukia kila shimo, ukimtoa yeye hakuna hata mmoja wa kumfuata Icardi. Hiyo ndiyo bei ya kununua Mount pale palipohitaji mkabaji.

dogo_wa_Bamburi
Nyie wazee mwaongea za zamani, na kocha Amorim je? Kiangazi cha 2025 alitumia karibu milioni 200 kwa washambuliaji Cunha, Mbeumo na Sesko, wa katikati ZERO. Mechi ya kwanza Arsenal wanapiga kona Bayindir anapapasa hewa Calafiori anatia kichwa 1-0. Kisha Onana anarudi kwa Grimsby, timu ya daraja la nne, 2-2, penalti 12-11. Kumi na mbili kwa kumi na moja!! Nilikuwa na mkeka wa timu saba huyo peke yake akauchana. Dirisha likafungwa wakamleta kipa Lammens kutoka Antwerp na Onana akaenda Trabzonspor. Kiungo hawakuleta.

ShangaziKisauni
Mkeka wako nao ulitaka nini kwa Man U mwanangu.

dogo_wa_Bamburi
Ilikuwa Grimsby shangazi!! Nani angejua

bekitatu
Mnapoteza wakati na Uingereza wakati jibu lilikuwa Muthurwa, Nairobi, alikokulia Victor Wanyama. 2016, Man U wanatoa milioni 89 kwa Pogba. Kiangazi hicho hicho Spurs wanamtoa Wanyama Southampton kwa milioni 11. Msimu ukaisha Spurs wa pili, pointi 86, wamefungwa magoli 26 tu ligi nzima, Man U wa sita. Lloris alionekana kipa wa ajabu mwaka ule. Victor amesimama mbele ya Dier na Alderweireld kama ukuta wa Fort Jesus, kipa apate kazi wapi.

LivaLikoni
Usinikumbushe Victor. Anfield, mwezi wa 2 mwaka 2018. Krosi inaingia, Karius anaupiga ngumi unatoka nje ya boksi, Wanyama anakuja mbio anaupiga ule mpira bila hata kuutuliza, mimi nilikuwa na jezi ya Liverpool na nimesimama nimeshangilia, wenzangu wakanifukuza.

kipa_mstaafu
Na mpaka leo kuna watu wasema ngumi ya Karius ilikuwa dhaifu. Ngumi ilikuwa nzuri, mpira ulitoka mita zaidi ya ishirini. Shuti lile hata Kenya One asingelidaka.

MwanaMvita
LivaLikoni bado una deni langu. Alisson na Man City, mwezi wa 2 mwaka 2021, Anfield. 1-1 mpaka dakika ya 73, Alisson anampa Foden mpira, Gundogan goli. Dakika tatu mbele anampa Bernardo, Sterling goli. Ikaisha 4-1. Kipa bora duniani, kosa lile lile mara mbili kwa dakika tatu. Sasa nambie Fabinho na Henderson siku ile walicheza wapi.

LivaLikoni
Klopp alisema labda miguu yake ilikuwa na baridi.

dogo_wa_Bamburi
Hahaha kisingizio hicho huku pwani hatuna

MwanaMvita
Nimeuliza Fabinho na Henderson walicheza wapi.

LivaLikoni
Beki wa kati. Van Dijk, Gomez na Matip wote walikuwa majeruhi.

MwanaMvita
Asante.

LivaLikoni
Lakini mbele walianza Thiago na Wijnaldum! Thiago hajui kupokea mpira? Thiago?? Wewe wataka kila kitu kiingie kwenye kikapu chako. Alisson alipiga pasi mbili mbovu, kwisha.

kipa_mstaafu
Hapo Liva ana hoja. Ile ya kwanza kulikuwa na nafasi ya kuupiga mbali mpaka jukwaani. Kipa aliyefunzwa kucheza chini hukataa kupiga mbali hata panapowaka moto, huona haya. Nimewaona hata vijana wetu hapa mtaani, uwanja una mawe, mpira unaruka kama panzi, na bado wataka kucheza kama Ederson.

Gunner_Kibokoni
Na sasa kuna ile sheria ya sekunde 8, kipa akiukalia mpira mikononi zaidi ya hapo anapigiwa kona. Mambo bado.

ShangaziKisauni
Mimi nimewasoma wote. Carrick milioni 18, Van der Sar bei ya kutupa, ligi tatu mfululizo, na hamjanijibu mpaka sasa mwaniletea Thiago. Naingia jikoni nikaange viazi, nikirudi nisikute mtu amemtetea Djemba-Djemba.

bekitatu
Shangazi na Kleberson je, alikuwa majeruhi maskini

ShangaziKisauni
Bekitatu nimekuonya.